UZI: Picha na kumbukumbu za safari zimelala kwenye simu? Zigeuze tovuti ya mwongozo. Mfano wangu ni Kilwa

Bint_Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ndugu na marafiki huniuliza mara kwa mara: "Nataka kwenda Kilwa na familia, naanzia wapi?" Najibu kwa simu, najibu kwa WhatsApp, na mwezi ujao mwingine anauliza yaleyale. Kilwa naijua kwa miguu. Nimekwenda na kurudi tangu utotoni, mara kwa basi, mara kwa gari la mjomba. Sasa naijengea tovuti ya mwongozo kwa Kiswahili, na nataka nieleze ninavyoifanya ili mwenye Lushoto yake, Ukerewe yake au Kondoa yake naye aanze.

Kuna jambo moja lililobeba kazi yote: usianze na orodha ya vivutio. Anza na mahali ambapo msafiri anasimama akijiuliza, "Sasa hapa nafanyaje?"

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameshaandikwa sana. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akaacha maelezo yake. Anayetaka historia ataipata. Lakini mama mwenye watoto wawili na begi, anayeshushwa njia panda ya Nangurukuru jua la saa nane mchana, nani amemwandikia? Hilo ulilonalo wewe uliyekwishapita pale ndilo la kujengea tovuti.

SEHEMU YA 1: KUKUSANYA

Fungua picha za safari yako kwenye simu, zipange kwa tarehe na saa. Kila picha ya simu hubeba ndani yake saa iliyopigwa, na mara nyingi mahali pia, kama ulikuwa umeruhusu. Gusa sehemu ya maelezo ya picha utayaona. Usiandike hadithi bado. Andika saa na mahali tu: saa fulani Mbagala, saa fulani daraja la Mkapa, saa fulani Somanga tunanunua samaki wa kukaanga, saa fulani gati ya Masoko (Kilwa Masoko, mji wa bara unakopandia boti).

Sasa tazama mapengo. Hapa ndipo penye mali. Kati ya picha ya Somanga na picha ya chumba cha wageni Masoko, kwangu mimi kuna pengo kubwa halina hata picha moja. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na shughuli. Nashusha mizigo, natafuta usafiri wa kutoka Nangurukuru, napatana nauli, namshika mtoto mkono. Kati ya picha ya gati na picha ya Gereza, ile ngome ya kale kule kisiwani, kuna pengo jingine: viatu mkononi, simu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, tunapanda boti. Mtu hapigi picha akiwa na kazi ya kufanya, na msomaji wako atakwama palepale ulipokuwa na kazi. Kwa hiyo kila pengo refu liandikie swali, na kila swali lipate kichwa chake kwenye tovuti.

Kisha wapigie simu mliosafiri pamoja, waombe wakutumie sauti za WhatsApp. Usiwaulize "safari ilikuwaje?" Watasema nzuri. Waulize "wapi ulichoka?" na "wapi uliogopa?" Mama yangu alikumbuka kwamba njia ya kwenda kasri la kale la Husuni Kubwa ina sehemu ndefu bila kivuli. Mpwa wangu alikumbuka njaa. Mimi sikuwa na kumbukumbu ya vyote viwili, na vyote vimeingia kwenye ukurasa.

Naendelea.

---

Fundi_wa_Kurasa

Naweka kiti hapa mkuu. Hilo la mapengo ya picha sijawahi kulisikia na limenigonga. Ila nina swali la uchokozi kidogo. Vijana wote wako kwenye video fupi. Dakika moja, muziki, magofu, mawimbi, basi. Nani atasoma kurasa zako?

---

Bint_Kusini

Mkuu, swali zuri na nimelifikiria sana. Video inamtia mtu hamu ya kwenda, na mimi nafurahi zikiwepo nyingi. Lakini mtu akiwa ameshashuka stendi, bando limebaki kidogo, betri asilimia ishirini, hatafuti muziki. Anatafuta mstari mmoja unaomwambia avuke barabara au asivuke. Tovuti yangu namwandikia huyo, na yule anayekaa sebuleni na mumewe usiku wanapiga hesabu kama safari inawezekana au hapana. Hao wawili wanasoma, tena wanasoma kwa makini.

SEHEMU YA 2: MPANGILIO

Tovuti nyingi za utalii zina menyu ileile: Historia, Vivutio, Hoteli, Wasiliana Nasi. Mimi menyu yangu ni njia yenyewe, kipande kwa kipande:

Dar hadi Nangurukuru. Nangurukuru hadi Masoko. Masoko hadi Kisiwani. Kutembea Kisiwani. Kivinje. Songo Mnara.

Kila kipande ni ukurasa mmoja, na ukurasa unafunguka kwa jibu. Ule wa kwanza, kwa mfano, unaanza hivi: "Angalia basi lako linaishia wapi. La Masoko litakufikisha. La Lindi au Mtwara litakushusha njia panda ya Nangurukuru, na hapo utatafuta usafiri mwingine kuelekea baharini." Sentensi tatu, msomaji ameshajua apande lipi. Baada ya hapo ndipo namweleza kwamba daraja la Mkapa analovuka lilifunguliwa 2003, na kwamba kabla yake watu wa Kusini walivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Waulize wazee wa Lindi habari za pantoni ile, utaandika ukurasa mzima. Historia inasomeka vizuri zaidi mtu akiwa amekaa juu yake.

Ukurasa nilioutumia muda mwingi kuliko zote ni Masoko hadi Kisiwani, kwa sababu ya maji. Kisiwa kiko ng'ambo tu, unakiona kwa macho. Lakini bahari ile hujaa na kupwa, na tofauti yake ni kubwa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Kwenye pwani yetu, siku hizo maji hupwa katikati ya asubuhi, mnamo saa nne au saa tano, yaani saa ambayo wageni wengi wameshakunywa chai na wanataka kuvuka. Boti haiwezi kufika ufukweni kabisa, utashuka kwenye maji na kutembea. Kwa kijana si neno. Kwa bibi mwenye magoti mabovu ni jambo la kujua kabla hajatoka nyumbani.

Kwa hiyo juu ya ukurasa ule nimeweka kisanduku kidogo kinachosema leo mwezi ni wa ngapi, na kama ni bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana. Hakihitaji seva kubwa wala huduma ya kulipia. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, hesabu yake inaandikika kwa mistari michache ya msimbo. Chini yake maelezo ya kawaida: saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na neno la mwisho ni la nahodha. Kisanduku hiki ndicho wasomaji wa majaribio walichokipenda kuliko picha zote.

Na maji hayohayo yanaamua njia ukiwa kisiwani. Husuni Kubwa, kasri aliloliacha Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, liko mbali kidogo na Msikiti Mkuu. Maji yakiwa yamepwa unaweza kwenda kwa kufuata ufuko. Yakiwa yamejaa unapita njia ya ndani, katikati ya mashamba na nyumba za wanakijiji. Njia mbili, masimulizi mawili, kwa hiyo ukurasa una njia mbili na msomaji anagusa ile ya siku yake.

---

Mwana_wa_Bahari

Heshima kwako dada (nimekisia kwa jina, nisamehe kama nimekosea). Mimi nimekulia Somanga, baba yangu mvuvi. Nashukuru umeandika bamvua na maji mafu kama tunavyosema wenyewe. Nyongeza: waambie wageni pia habari ya upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni na Julai, bahari inachafuka mchana kuliko asubuhi. Mtu akitaka kuvuka na watoto aondoke mapema. Wakati wa kaskazi bahari inakuwa na tabia nyingine. Maji peke yake hayatoshi.

---

Bint_Kusini

Umekisia sawa kaka, na asante sana. Nimelichukua neno lako kama lilivyo, litaingia kwenye kisanduku: mstari mmoja wa upepo kufuatana na mwezi wa mwaka. Nikilichapisha nitaandika "mchango wa mvuvi wa Somanga", kama utaridhia.

---

Msomi_wa_Jioni

Uzi mzuri. Mimi nina wasiwasi na upande wa historia. Waongoza wageni wanasimulia mambo mengi. Mmoja aliniambia kisiwa kilinunuliwa kwa nguo zilizotandazwa kukizunguka. Wewe unaandika nini? Ukiandika kila unachosimuliwa, tovuti inakuwa ya ngano. Ukikataa kila kitu, inakuwa kavu.

---

Bint_Kusini

Msomi, hiyo ya nguo imo kwenye masimulizi ya kale ya Kilwa, kuhusu Ali ibn al-Hasan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa kitambaa. Naiandika yote, tena kwa raha, kwa sababu ndiyo watu wa Kilwa wanavyojieleza asili ya mji wao. Lakini naiweka chini ya alama ya "Inasimuliwa". Vilivyochimbwa na kupimwa naviweka chini ya "Imechimbuliwa": Neville Chittick alifanya kazi pale miaka ya 1960, na wengine wakafuata. Msomaji anaona rangi mbili za pembeni, anajua anasoma lipi. Hakuna haja ya mabishano ndani ya aya.

Jengo moja linaonyesha vizuri. Ukishuka botini, Gereza ndilo linalokupokea. Wengi wanaambiwa ni la Wareno, basi. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji 1505 na kujenga ngome. Lakini kuta nyingi unazozishika leo ni za wakati wa Waomani, zaidi ya karne mbili baadaye. Nimeandika sentensi mbili, nikaweka picha moja iliyopigwa karibu kabisa na ukuta, unaona matumbawe na chokaa vilivyoshikana. Picha ya mbali ya Gereza zima kila mtu anayo. Ya karibu ndiyo inayomfanya mtu atake kwenda kugusa mwenyewe.

Vivyo hivyo Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya kale zaidi, ya karne ya 11, na ile kubwa ya kusini yenye matao na kuba iliongezwa baadaye. Badala ya kueleza kwa aya ndefu nimeandika: "Simama kwenye mlango kati ya sehemu mbili. Tazama nguzo za kulia kwako, kisha za kushoto." Mwongozo mzuri unamwambia mtu asimame wapi. Nawasihi mlishike hili kuliko yote ya upande wa uandishi.

SEHEMU YA 3: KINACHOCHAKAA

Tenganisheni vitu viwili tangu siku ya kwanza. Mwaka 1505 hautabadilika. Nauli ya boti itabadilika. Ukivichanganya kwenye aya moja, siku nauli ikipanda aya nzima inaonekana ya uongo, hata historia yake.

Kwangu kila kinachochakaa kiko ndani ya kisanduku cha manjano chenye mwezi na mwaka kilipohakikiwa: nauli, vibali vya kuingia magofuni, hali ya barabara, muda wa mabasi. Kikipita miezi sita bila kuhakikiwa, kinageuka kijivu chenyewe na kuandika "uliza kabla ya kuondoka". Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kwenda Lindi maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Aliyekuwa anasoma mwongozo usio na tarehe wiki ile angefikiri njia ni lami tupu hadi Mtwara. Tarehe ni heshima kwa msomaji, naomba msiione kama pambo.

---

Fundi_wa_Kurasa

Sasa umeingia kwenye anga zangu. Niongeze upande wa uzito wa kurasa, kwa sababu ndipo tovuti nyingi za safari zinapofia.

Picha moja ya simu za siku hizi ni megabaiti tatu hadi tano. Ukiweka picha 12 kama zilivyo, ukurasa una megabaiti 48 hivi. Nani ataufungua kwa bando lake akiwa Nangurukuru? Punguza kila picha hadi upana wa pikseli 1,200, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), nyingi zitashuka hadi kilobaiti 150 hivi. Zote 12 hazifiki megabaiti mbili. Na uweke ile amri ya kufanya picha za chini zisipakuliwe mpaka msomaji azifikie, ni neno moja tu kwenye msimbo.

Ramani: Leaflet (programu ya kuonyesha ramani kwenye tovuti) na OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) vinatosha kabisa, bure, mradi uwataje wachangiaji wa OpenStreetMap kwenye ramani. Njia za miguu zikikosekana unaweza kuzichora mwenyewe kule na dunia nzima ikafaidika. Ila kwa kisiwa kidogo kama hicho ningeweka pia mchoro wa kawaida wa picha, mtu aupakue akiwa bado Masoko.

Mwisho: weka alama ya lugha ya ukurasa kuwa "sw". Programu zinazowasomea wasioona kwa sauti zinaitegemea alama hiyo. Tovuti nyingi za Kiswahili zimeachwa na alama ya Kiingereza iliyokuja na kiolezo.

---

Bint_Kusini

Fundi, Mungu akubariki. Hayo yote nayafuata, na mchoro wa kisiwa nimeuchora kwa mkono kwenye karatasi, nikaupiga picha, nikausafisha. Watu wameupenda kwa sababu una mibuyu na kisima. Ramani ya setilaiti haikwambii mbuyu upi ndio wa kupumzikia.

Naongeza moja: viungo vyetu vinasambaa WhatsApp. Ile picha ndogo na maneno mawili yanayotokea kiungo kinapotumwa, yaandike wewe mwenyewe kwa kila ukurasa. Mimi ukurasa wa historia nimeandika: "Sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia 1944. Zilitoka mji huu." Ni kweli, sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtu akiona hilo kwenye kundi la familia hawezi kuacha kugusa.

---

Dada_wa_Kivinje

Dada, nimesoma kimya mpaka hapa. Kivinje ni kwetu. Wageni wote wanakimbilia Kisiwani, Kivinje wanapita kama stendi. Umetuwekea nini?

---

Bint_Kusini

Dada yangu, Kivinje ina ukurasa mrefu kuliko Kisiwani, na kwa maoni yangu mgeni aipe siku nzima. Milango ya kuchonga, nyumba za zamani zinazoelekea bahari, boma la Wajerumani, soko la samaki, watu wanaishi ndani ya historia yao bila tiketi.

Lakini kuna sehemu niliyoiandika kwa uangalifu mkubwa. Kivinje ilikuwa mwisho wa njia za misafara ya watumwa karne ya 19, na pale kwenye Mwembe Kinyonga Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Maji Maji. Ukurasa huo hauna alama za nyota, hauna "usikose!", hauna picha ya mtu anatabasamu. Nimeeleza vita vya 1905 hadi 1907 vilivyoanzia Umatumbi, nikamtaja Kinjikitile Ngwale aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905, na nikamwambia msomaji aende na mwenyeji, asimame, asikilize. Muundo wa kurasa unapaswa kujua msiba na starehe ni vitu tofauti. Rangi zilezile za ukurasa wa kuogelea hazifai hapa.

Kama una wazee wanaokubali kuhojiwa, naomba unisaidie. Kwa ridhaa yao, na majina yao wakitaka tu.

---

Dada_wa_Kivinje

Nimekuelewa na nimefurahi. Nitaongea na babu kwanza. Ila usimpige picha kabla ya kumaliza chai naye.

---

Bint_Kusini

Chai kwanza, nimekubali. Na hilo linanipeleka kwenye picha za watu. Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi pale, watoto wanacheza kati ya magofu. Picha ya mtoto wa mtu siiweki bila mzazi kuiona kwenye skrini yangu na kusema sawa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, ungependa mwanao awe bango la tovuti ya mgeni? Pia futa taarifa za mahali kwenye picha ulizopiga nyumbani kwako kabla hujazipandisha.

---

Kijana_wa_Biashara

Sasa hela iko wapi dada? Siwezi kuweka kitufe cha "weka nafasi ya safari hapa" nikapata kamisheni?

---

Bint_Kusini

Mdogo wangu, kuandika mwongozo na kuuza safari ni kazi mbili. Ukishaanza kuuza na kupanga safari za watu umeingia kwenye biashara ya utalii, na Sheria ya Utalii ya 2008 inataka leseni. Kwa maudhui ya mtandaoni nako kuna kanuni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) za 2020 na marekebisho yake, zisome na uwaulize kabla ya kuzindua. Njia ninayoipenda mimi: nyumba za wageni na mama lishe waandikwe bure kwa sababu ni wazuri, na matangazo yanayolipiwa yawe na neno TANGAZO kwa herufi zinazoonekana. Msomaji akishuku kwamba umelipwa kumsifia mtu, hata kisanduku cha bamvua hatakiamini.

---

Msomi_wa_Jioni

Swali la mwisho kwangu: Songo Mnara mbona hujaigusa?

---

Bint_Kusini

Ukurasa wake haujafunguliwa kwa sababu mapengo yangu pale ni makubwa mno. Ni safari ndefu zaidi kwa boti, na kulifikia gofu unatembea kwenye maji kati ya mikoko. Picha zangu zote zinaanza tukiwa tumeshafika kwenye nyumba za mawe, njia yenyewe sina hata moja. Narudi msimu wa kaskazi na kazi moja tu: kupiga picha ya kila mahali ambapo mkono utakuwa na shughuli nyingine. Mpwa atashika viatu. Kaka wa Somanga, kama unamfahamu nahodha mwenye subira, niandikie.

---

Mwana_wa_Bahari

Yupo. Nitakutumia namba faraghani. Njoo siku za maji mafu, utapata muda wa kupiga picha bila kukimbizwa na bahari.